Nyigu Hupiga Mguuni: Kwenu Mnaoanza Mchezo wa Vitara

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kwenye ukumbi wa vitara, mchezo wa kushindana kwa panga nyembamba, kamba yenyewe ni waya. Unapita ndani ya mkono wa koti lako, unatokea mgongoni, unachomekwa kwenye waya mwingine unaojikunja kwenye gurudumu nyuma yako na kufika kwenye mashine inayowasha taa ukimgusa mpinzani. Mchezaji mkongwe akimaliza pambano hujichomoa kwanza, mengine baadaye. Mgeni hushangilia, hugeuka kwenda kunywa maji, na baada ya hatua chache anarudishwa nyuma kama mbuzi aliyefika mwisho wa kamba yake. Nimeliona hilo kila Septemba, msimu unapoanza, na mwaka wa kwanza mbuzi alikuwa mimi.

Mimi ni mtu wa Mombasa. Nilikuja Lyon, Ufaransa, kusoma, nikapata kazi, nikabaki. Mchezo huu niliuanza nikiwa na miaka 26, umri ambao wenzangu wengi pale walikuwa wameshaanza kulalamikia magoti. Nisiseme uongo, sikuanza kwa mapenzi. Ilikuwa Novemba, baridi inauma, na ukumbi wa mazoezi wa chuo ulikuwa na joto na ada yake ilikuwa ndogo. Siku hizi nacheza kidogo, Jumatano alasiri nasaidia kufundisha watoto, na zaidi ya yote natengeneza silaha. Waya ukikatika naitwa mimi. Skrubu ikidondoka, anayetambaa sakafuni na tochi ni mimi.

Tangu Alexandra Ndolo aiwakilishe Kenya kwenye Olimpiki ya Paris 2024, kwenye epe ya wanawake (epe ni mojawapo ya silaha tatu za mchezo huu), ndugu na marafiki wa huko nyumbani wamekuwa wakinipa maswali ya vijana wao. Wengi huuliza wanunue silaha gani, na kwa bei gani. Nitafika huko. Lakini huwa nawauliza kwanza: unamtazama nani? Maana mgeni asiyekuwa na mtu wa kumtazama humtazama yule anayeshinda wiki hiyo, na wiki ijayo anabadilisha tena, na mwaka ukiisha amejifunza mitindo kumi nusu nusu.

Kwenye ukumbi wetu, wa kwanza kutajwa huwa Laura Flessel, bingwa wa epe wa Ufaransa. Amestaafu tangu 2012. Kuna watoto wangu wa Jumatano ambao hawakuwa wamezaliwa alipopigana pambano lake la mwisho la Olimpiki, na bado mmoja akiguswa kidole cha mguu, wenzake wote wanapiga kelele: "Guêpe!" Yaani nyigu. Ndilo jina Wafaransa walilompa. Si watoto peke yao. Mama mmoja wa judo anayefanya mazoezi ukumbi wa jirani, mtu asiyejua epe ina ncha ngapi, anamzungumzia Flessel kama shangazi yake. Mzee wa kupiga makasia vilevile. Nimejiuliza sana kwa nini, kwa sababu Ufaransa haijapungukiwa na mabingwa wa vitara. Ni mojawapo ya michezo iliyoiletea nchi hii medali nyingi zaidi za Olimpiki, na majina mengi ya washindi hao hata sisi wa ukumbini tunayasoma ukutani tu.

Kabla sijajibu, nikuwekee msingi kidogo, maana hutaelewa habari ya mguu bila huo.

Silaha ni tatu. Kuna floreti, ambayo mguso halali ni kiwiliwili tu. Kuna kitara chenyewe, cha kukata na kuchoma, kuanzia kiunoni kwenda juu. Kwa Kiswahili mchezo mzima tumeupa jina la silaha hii, na sina ugomvi nalo, jina likishashika limeshika. Halafu kuna epe, nzito kuliko zote ingawa haizidi gramu 770, na kwenye epe mwili mzima ni shabaha: barakoa, kifundo cha mkono, goti, kiatu. Tena hakuna sheria ya nani alianza kushambulia. Atakayegusa kwanza ndiye mwenye pointi. Mkigusana ndani ya sehemu moja ya ishirini na tano ya sekunde, taa zote mbili zinawaka na kila mmoja anapata yake.

Kwa muda mrefu wanawake waliachiwa floreti peke yake. Floreti yao iliingia Olimpiki mwaka 1924, epe yao ikasubiri hadi Atlanta 1996, na kitara hadi Athens 2004. Kwa hiyo msichana aliyeshika epe miaka ya 1980 alikuwa anajifunza silaha isiyokuwa na mlango wa Olimpiki. Flessel alikuwa mmoja wa wasichana hao, na tena mbali na Paris. Alizaliwa Novemba 1971, akakulia Petit-Bourg, Guadeloupe, kisiwa cha Karibi kilicho chini ya Ufaransa. Mimi mtoto wa kisiwa nilipolijua hilo nilikaa kitako. Nilikuwa nimezoea kufikiri kwamba vitara ni mchezo wa watu waliozaliwa karibu na makasri. Kumbe kuna ukumbi wa kisiwani, joto na jasho, bahari inaonekana, na mwanafunzi wake akaja kuwa mwanamke wa kwanza duniani kuvaa dhahabu ya Olimpiki ya epe.

Fainali ile ya Atlanta ilikuwa ya Wafaransa wawili. Flessel alimshinda Valérie Barlois 15 kwa 12. Siku chache baadaye hao hao wawili, pamoja na Sophie Moressée-Pichot, walisimama upande mmoja wakachukua dhahabu ya timu mbele ya Italia. Hapo nikuombe usimame kidogo, maana ndipo penye somo langu la kwanza na ndilo wageni hulikosea zaidi. Kwenye mchezo huu anayekunyima fainali ndiye utakayesafiri naye kesho, na kwenye mazoezi ndiye atakayekushikia waya, atakayekukopesha silaha yako ikivunjika. Sasa wewe ukishinda ukavua barakoa na kupiga ukelele usoni mwa mwenzako, ni sawa. Refa anaweza hata asiseme kitu. Ila Jumanne ijayo utatafuta mtu wa kufanya naye zoezi na utaona watu wote wanafunga kamba za viatu.

Ndiyo maana na saluti. Kabla ya pambano unamsalimu mpinzani, refa na watazamaji kwa silaha, na pambano likiisha unasalimu tena na kutoa mkono usiokuwa na silaha. Wageni wengi huipiga saluti kama mtu anayefukuza nzi. Mimi huwaambia watoto wa Kiswahili ninaokutana nao: hiyo ndiyo shikamoo ya ukumbini. Hapa mwalimu anaitwa Maître, haitwi kwa jina, na amri zote ni za Kifaransa hata ukienda kupigana Nairobi au Tokyo: En garde (jiwekeni tayari). Prêts? (Mko tayari?) Allez (anzeni). Ukisikia Halte, simama, hata kama mguso wako ulikuwa unakuja mtamu namna gani.

Sasa mguu.

Mguso wa mguuni ulikuwa alama ya Flessel, na ni mguso ambao kila mgeni anautaka usiku wa kwanza. Unaonekana rahisi. Mguu wa mbele wa mpinzani uko pale, karibu, hauna kinga, na mwenyewe hauangalii. Unainama, unachoma, taa inawaka. Jaribu basi. Nyoosha mkono wako kutoka begani sambamba na sakafu: huo ndio urefu wako wote. Sasa uteremshe ncha kuelekea kiatu cha mtu aliye mbele yako bila kusogeza miguu. Utaona ncha imerudi nyuma, haifiki. Ili ifike lazima uende mbele, na ukienda mbele huku mkono umeshuka, umempa mwenzako bega, barakoa na mkono mzima juu, naye anachotakiwa kufanya ni kunyoosha tu. Hesabu iko upande wake. Kwa miezi sita ya kwanza kila nilipokwenda mguuni niliguswa kichwani, na barakoa ya chuma ikipigwa na ncha inalia ndani ya sikio kama mtu anagonga sufuria.

Maître wetu, mzee mwenye masharubu asiyependa maneno mengi, aliniacha niumie mpaka nikaja mwenyewe kuuliza. Akanipa silaha, akaniambia nimguse mkononi. Nikamgusa mkononi. Tena. Tena. Mara ya nne akaurudisha mkono wake nyuma kidogo na kuuinua, kwa sababu mtu yeyote akichomwa sehemu moja mara tatu huilinda. Akaniambia tazama chini. Mguu wake ulikuwa umebaki palepale ulipokuwa, peke yake, kama mtu aliyesahauliwa kituo cha basi.

Basi hiyo ndiyo kazi yenyewe. Mguso wa mguuni unaanzia mkononi. Unamchosha mtu kwa kumtishia kifundo cha mkono, unamfanya ainue kinga, unamfanya asogee mbele kwa hasira, na ule wakati kisigino chake kinatua na uzito wote uko juu ya mguu wa mbele, hawezi kuuondoa. Hapo ndipo unashuka. Na ukishashuka, umemgusa hujamgusa, unatoka mbio nyuma na ncha ikiwa imenyanyuliwa tena, maana wengi hufurahia mguso ambao haukuwaka na wakachomwa wakiwa bado wameinama.

Shabiki wa Flessel akikwambia anampenda kwa sababu ya mguso ule, usidhani ni mambo ya mbwembwe. Kwa mcheza epe, mguso wa mguuni unaofaulu kwenye mapambano makubwa ni ushahidi wa saa nyingi zisizoonekana za kazi ya mkono. Wanariadha wanatambuana hivyo. Mama wa judo hajui vitara, lakini anajua maana ya mtu ambaye kila mpinzani anajua atakuja na nini, amejiandaa kwa hicho hicho, na bado kinampata. Nadhani hilo ndilo linalowafanya wamkumbuke. Medali zinaandikwa kwenye kitabu cha takwimu, mwanariadha mwenzako hana namna ya kuzitumia. Mbinu anaweza kuondoka nayo.

Nikupe kisa changu cha aibu hapa, kitakusaidia siku moja. Mwezi wangu wa nane nilienda kwenye mashindano madogo ya wilaya, kwenye ukumbi wa shule wenye sakafu ya mbao. Pambano la kwanza nikaandaa vizuri kama nilivyofundishwa, mkono, mkono, mkono, nikashuka, taa yangu ikawaka. Niliinua mikono yote miwili. Refa, binti wa miaka kama kumi na tisa, akanitazama kwa huruma akasema neno moja: sakafu. Ncha yangu ilikuwa imepiga mbao sentimita mbili kando ya kiatu. Mbao hazijaunganishwa na mashine, kwa hiyo ukizipiga taa inawaka kama umempiga mtu. Kwenye mashindano makubwa pisti, yaani njia mnayopigania, huwa ya chuma iliyounganishwa na mashine, ukigusa chini hakuna taa. Kumbe ukumbini kwetu, ambako nako ni mbao, nusu ya miguso yangu ya mguuni niliyokuwa nikijivunia ilikuwa ya sakafu, na wenzangu walinyamaza kwa adabu. Tangu siku ile nikiwa refa mazoezini, namwangalia mpigaji machoni: aliyegusa kiatu huwa anajua, aliyegusa sakafu anaiangalia taa.

Siku hiyo nilipigana mapambano sita ya makundi, ya pointi tano tano, dakika tatu. Nilishindwa yote sita. Nilirudi na treni nikiwa na pointi kumi na moja jumla na kidole gumba kimevimba. Mgeni, hiyo ndiyo hali. Watu hufikiri wakishindwa mapambano yote wamekosea kuchagua mchezo. Epe inamchelewesha mtu mzima kwa makusudi, kwa sababu haikulipi kwa kushambulia kwa nguvu, inakulipa kwa kusubiri, na kusubiri hakufundishiki kwa maneno.

Kuhusu kusubiri, rudi kwa Nyigu. Nyuki akikuchoma mara moja kwisha habari yake, mwiba unabaki kwako na yeye anakufa. Nyigu anaondoka na mwiba wake, anarudi. Baada ya Atlanta, Flessel alikuwa bingwa wa dunia 1998 La Chaux-de-Fonds, na mwaka uliofuata Seoul. Sydney 2000 akapata shaba. Kisha akapata mtoto, akarudi, na Athens 2004 akafika tena fainali, akashindwa na Tímea Nagy wa Hungaria, akavaa fedha. Shaba ya timu juu yake. Ukijumlisha, medali 5 za Olimpiki, na ubingwa wa dunia mara 6, mara mbili peke yake na mara nne na timu, ule wa mwisho mwaka 2008. Beijing alikuwapo. London 2012, akiwa na miaka 40, ilikuwa Olimpiki yake ya tano, na yeye ndiye aliyebeba bendera ya Ufaransa siku ya ufunguzi mbele ya msafara wote.

London hakupata medali. Timu nzima ya vitara ya Ufaransa haikupata hata moja mwaka ule, jambo ambalo wazee wa ukumbini kwetu wanalitaja kwa sauti ya chini kama msiba wa jamaa. Ila ukiwauliza wachezaji wa michezo mingine wanakumbuka nini kuhusu Flessel na London, watakwambia bendera. Mimi hilo linanifurahisha. Naona lina ukweli kuhusu namna wanariadha wanavyopima watu, ambao hauko kwenye jedwali la medali.

Mambo ya baadaye nitayapitia haraka. Alicheza dansi kwenye kipindi cha televisheni na nchi nzima ikamwona bila barakoa. Mei 2017 akawa Waziri wa Michezo, na alikuwa kwenye kiti hicho Paris ilipopewa Olimpiki ya 2024 kule Lima, Septemba mwaka huo. Aliondoka serikalini Septemba 2018. Siasa ina hesabu zake na sitaiingilia, ila nimeona kwamba ndani ya ukumbi uwaziri haukumwongezea wala kumpunguzia kitu. Hakuna mtoto wangu hata mmoja anayejua alikuwa waziri. Wanajua kiatu.

Haya, tuje kwenye mambo ya mkononi, maana najua wengine mmesoma mpaka hapa mkisubiri habari ya kununua.

Usinunue kitu miezi mitatu ya kwanza. Azima. Klabu yoyote ya maana ina makoti yaliyopauka na barakoa zenye harufu, vumilia. Ukianza kununua, anza na glovu, kwa sababu glovu ya kuazima inaletwa kwako ikiwa imelowa jasho la mwingine. Halafu barakoa, halafu koti na kinga ya ndani ya kwapa. Silaha iwe ya mwisho, na ukinunua nunua mbili, na waya wa mwilini mbili. Kwenye mashindano ukifika kwenye pisti na silaha moja, ikigoma, kadi ya njano ni yako, na nimeona watu wazima wakilia kwa sababu ya skrubu.

Skrubu zenyewe ni mbili kwenye kila ncha, ndogo kuliko punje ya mtama. Ndani ya ncha kuna springi. Kabla ya pambano refa anasimamisha silaha yako wima na kuweka juu ya ncha kipande cha chuma cha gramu 750. Springi inatakiwa ikinyanyue. Ikishindwa, silaha imelegea, inawaka hata kwa kupepewa, inakataliwa. Jifunze kuijaribu mwenyewe nyumbani. Nunua bisibisi yake, ni ndogo na bei yake haifiki ya chakula cha mchana, na uiweke kwenye mfuko wa barakoa. Mimi nikimwona mgeni ana bisibisi yake mwenyewe, najua huyu atakuwepo hata Juni.

Waya wa ndani ya upanga hukatika zaidi kwa wanaopiga kwa kukunja kiwiko na kuchapa kama mjeledi. Nyoosha mkono kwanza, ndipo mguu uende. Ukinisikia nikilalamika kwamba wiki hii nimeunganisha nyaya nane, jua kwamba kuna mtu ana haraka.

Na miguu. Kila mtu atakwambia miguu, utachoka kuisikia. Kwenye pisti ya mita 14 unaenda mbele na nyuma tu, kama kaa aliyekosea njia, na nyuma ndiko muhimu zaidi. Dakika kumi kila siku nyumbani, mbele mbili, nyuma tatu, magoti yamekunjwa. Mpangaji wa chini yangu alishakuja kuniuliza kama ninahamisha fanicha.

Nilimtaja Ndolo mwanzoni. Alizaliwa Ujerumani, baba Mkenya, mama Mpolandi. Mwaka 2022 Cairo alipata fedha ya dunia akiwa na rangi za Ujerumani, kisha akahamia Kenya, na akawa mchezaji wa kwanza wa vitara kuiwakilisha Kenya kwenye Olimpiki. Alitolewa pambano lake la kwanza pale Grand Palais. Nilikuwa naangalia kwenye simu nyuma ya meza ya silaha, na watoto wawili wa Kifaransa walikuja kuangalia pamoja nami wakauliza kama Kenya kuna pisti. Nikawaambia ipo. Mashindano hayo hayo, fainali ya epe ya wanawake, Vivian Kong wa Hong Kong alikuwa nyuma 1 kwa 7 dhidi ya Auriane Mallo-Breton, Mfaransa, nyumbani kwake, ukumbi mzima ukipiga kelele. Akarudi, akashinda 13 kwa 12. Ukumbi wetu ulinyamaza hadi Maître akapiga makofi. Kisha akamwambia binti aliyekuwa analia: hesabu mara ngapi alirudi nyuma kabla ya kwenda mbele. Binti akahesabu kwenye marudio. Mimi nilipoteza hesabu.

Wiki iliyopita mgeni mmoja, kijana mrefu wa Kikongo anayezungumza Kiswahili cha Bukavu na kunichekesha kwa "habari yako yaya" kila akiingia (yaya kwao ni kaka au dada mkubwa), aliniomba tupigane pointi tano. Ana wiki sita tu. Alinigusa mkononi, nikamgusa begani. Alinigusa mkononi tena. Mara ya tatu nikaurudisha mkono, bila kufikiri, kama mtu yeyote. Taa yake ikawaka. Maître alikuwa amegeukia upande mwingine anafunga dirisha, akasema bila kutazama: sakafu.

Haikuwa sakafu. Nilivua kiatu kumwonyesha. Kijana yule alikuwa ameshageuka kwenda kuwaita wenzake waje waone, na waya ukamvuta nyuma.